Kipimo cha Benita

Venanti aliondoka nyumbani kwake Kasulu saa kumi na moja jioni kwenda kuchagua mawe ya bwawa. Kazi ya kawaida kabisa, ndugu zangu. Mtu unapanda pikipiki, unakwenda, unagusa jiwe, unarudi kula ugali wako. Laiti mnyororo ungekatika njiani!

Bwawa lenyewe lilikuwa la binti yake, Benita, mwenye miaka saba, ambaye miguu yake ilikuwa haijambeba tangu alipougua homa akiwa mchanga. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amesema mtoto akifanyishwa mazoezi ndani ya maji, huenda siku moja akasimama. Huenda. Kwa neno hilo moja Venanti, mchuuzi wa maharage, alichimba shimo nyuma ya nyumba, na mtaa mzima ukamcheka kwamba anajifanya tajiri. Aliwaacha wacheke.

Alitaka bwawa lisilo na usumbufu, maana yeye na mkewe Immakulata walishinda sokoni. Alibishana wiki nzima na fundi wake, Nkunzimana. Vigae vinabanduka, na kwenye viungo huota utelezi wa kijani. Turubai la wafuga samaki, mbuzi akiteleza mara moja tu kwato imeshatoboa. Faibaglasi ingetoka Dar es Salaam, na kwa barabara ile ingefika vipande. Pampu ya kuchuja maji inataka umeme, na umeme wa kwao... tuuache. Mwishowe Nkunzimana akamwambia aende bonde la nyuma ya Rungwe Mpya, kuna mawe laini ajabu. Saady, fundi baiskeli wa huko, alijengea tangi lake la maji ya mvua na hajawahi kulisugua.

"Ila beba kipimo cha kina," fundi alisema. "Maji yamfike mtoto kifuani, yasizidi."

Tepu ya kupimia ilikuwa imekatika. Benita alikuwa amelala mkekani. Basi Venanti akachomoa tete moja kwenye ua, akalilaza ubavuni mwa mtoto, kuanzia kisigino hadi kifuani, akalikata kwa kisu. Marehemu mama yake angemwona, angemzaba kofi mtu mzima na ndevu zake. Alilijua hilo. Akajiambia ni bwawa tu.

Bondeni jua lilikuwa linazama. Vyura walikuwa wanapiga kelele, na alipozima pikipiki wakanyamaza wote kwa pamoja. Kulikuwa na harufu ya matope, na chini yake harufu nyingine, kama maziwa yaliyochacha.

Mwanamke alikuwa ameketi juu ya lundo la mawe meupe. Kitenge chake kilikuwa kipya, lakini miguu yake ilikuwa imelowa hadi magotini, na hicho kilikuwa kiangazi, kijito chenyewe kimebaki uzi.

"Mwiriwe," alimsalimu kwa Kiha, salamu ya jioni, kwa sauti ndogo.

Venanti akaitika, akamweleza shida yake. Mwanamke hakuuliza urefu wa bwawa wala upana. Macho yake yalikuwa kwenye tete.

"Haya hayaoti utelezi," alinong'ona. "Majani hayaangukii humo. Hutasafisha chochote."

Wakaelewana. Venanti alipogeuka kuondoka, mkono wa yule mwanamke ukanyooka.

"Niachie kipimo. Nisije nikakosea."

Sasa hapo nani angekataa? Seremala hubaki na kipimo chako, fundi cherehani hubaki nacho. Akampa. Mwanamke akalinusa lile tete kutoka ncha hii hadi ncha ile, taratibu... kama mama anavyonusa utosi wa kichanga.

Asubuhi mawe yalikuwa uani kwake, yamepangwa. Hapakuwa na alama ya gurudumu wala ya mguu.

Nkunzimana alijenga kwa siku tisa, na bwawa likawa kama lilivyosifiwa. Mkaratusi wa jirani ulimwaga majani uwanja mzima, bwawani halikuanguka hata moja. Dawa ya klorini waliyoagiza Kigoma ilibaki kwenye ndoo, haijafunguliwa. Na juma la tatu, Benita akiwa ndani ya maji, aliuachia mkono wa mama yake.

Akasimama.

Immakulata alilia mpaka kanga ikalowa. Venanti naye alilia, aseme asiseme. Hakuna aliyejiuliza kwa nini maji yale yalikuwa baridi hata saa nane mchana.

Mwezi mmoja baadaye waliamua kuongeza ngazi ili mtoto aingie mwenyewe. Nkunzimana akatia mpira na kuanza kuyavuta maji kuyamwagia migomba. Benita alikuwa kivulini anachambua maharage. Maji yaliposhuka shubiri moja, akakohoa. Yaliposhuka mbili, akashika kifua. Yalipofika nusu, midomo ilikuwa imebadilika rangi, na kila pumzi yake ilitoa sauti... krrr... krrr... kama mpira unaofyonza maji ya mwisho kwenye pipa.

"Rudisha maji!" Immakulata alipiga kelele. Yeye ndiye aliyeona, mama ni mama. Walimwaga madumu, ndoo, hata sufuria ya chai. Maji yakapanda, na mtoto akapumua.

Jioni hiyo mkewe alimkalisha jikoni.

"Kina ulikipataje?"

Venanti akatupa jicho kwenye ua wa matete.

"Ulimpima mwanangu kwa tete? Akiwa amelala?"

"Tepu ilikuwa mbovu, mama Benita."

Immakulata aliketi chini, sakafuni. Kwao alalaye hapimwi kwa tete. Anayepimwa hivyo ni yule aliyekwisha kufa, ili wachimbaji wajue wachimbe kaburi kiasi gani, na tete lile huzikwa naye siku hiyohiyo. Halikabidhiwi mtu.

"Nenda ukalichukue," alisema.

Kesho yake jioni Venanti alishuka tena bondeni. Lundo la mawe halikuwepo. Mwanamke hakuwepo. Ng'ambo ya kijito, kwenye tope jeupe, kulikuwa na matete makavu yamesimikwa kwa mistari kama miche ya mahindi. Hayakuwa yameota hapo. Yalikuwa yamekatwa kwa kisu, moja moja, mafupi kwa marefu, na yalikuwa zaidi ya mia.

Vipimo.

Alitembea kati yake akiyalinganisha na mkanda wake wa suruali, maana lake alikumbuka lilimfika hapo. Akapata matatu yaliyolingana sawasawa. Hakuwa ametia alama. Nani hutia alama tete? Akalishika la katikati, akavuta. Lilikataa, halafu likaachia ghafla, kama vile kulikuwa na mkono chini yake uliokuwa umelishikilia.

Bondeni hakukuwa na mtandao. Akakimbia kupanda mlima, akapiga simu. Benita yuko sawa, Immakulata alisema, anakula, hajakohoa tangu jana. Venanti akacheka peke yake gizani kama mwehu. Akaamini amemfungua mtoto wake.

Alipofika Rungwe Mpya akasikia vilio.

Watu walikuwa wamejaa kwa Saady, yule fundi baiskeli. Mwanawe, rika la Benita, alikuwa anacheza uani, akaanguka. Hakuugua. Hakulia. Nusu saa tu iliyopita. Venanti aliangalia juu ya vichwa vya watu, akaliona tangi la maji ya mvua pembeni mwa nyumba. Mawe meupe, laini, bila utelezi.

Alitaka kuondoka, lakini Saady alikuwa ameshamshika mkono. Mfiwa humshika yeyote.

"Nilimpima kwa tete ili tangi lisiwe refu, akitumbukia asimame," Saady alisema. "Na watoto wetu hukosa pumzi maji yakipungua. Tumeyaona yale matete bondeni, sisi wazazi kadhaa. Tumepanga kesho alfajiri tukayachomoe, kila mtu atafute la mwanawe. Mimi nimechelewa siku moja tu."

Hapo ndipo Venanti alipaswa kusema. Neno moja tu: msiyachomoe. Lakini angeulizwa amejuaje, na lile tete, la mtoto wa Saady, lilikuwa bado limefungwa kwenye pikipiki yake, na tope halijakauka. Alifungua mdomo. Akasema pole, akaenda zake. Mwanaume mzima, baba wa mtoto! Namhurumia, lakini simsamehe.

Hakupata usingizi. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa njiani, ameapa atawaambia wote, wamfanye watakavyo. Alifika bondeni kumepambazuka kidogo. Vyura walikuwa kimya. Tope lilikuwa limejaa nyayo za viatu, nyingi, na pikipiki za watu zilikuwa zinaunguruma mbali, zinarudi makwao. Hapa na pale, kwenye mistari, palikuwa na mashimo madogo yanayojaa maji.

Akaenda pale alipoyaacha mawili yaliyolingana.

Lilikuwepo moja.

Alipanda mlima akiburuza pikipiki, kwani funguo ziliponyoka mkononi na hakurudi kuzitafuta. Juu kileleni simu ikakamata mtandao. Ikaanza kuita. Jina la Immakulata likawaka kwenye kioo, likazima, likawaka tena. Venanti aliishika kwa mikono miwili, akaketi kwenye nyasi zenye umande, akaiangalia inavyoita.