Bulon Iliyopewa Jina la Shemeji

Spana ya umeme ilikuwa imening'inia kwenye msumari, waya wake umechomolewa, lakini kwenye kompyuta yalitokea matokeo mapya.

"Marcellin, ni wewe unakaza?" Elsa akauliza.

"Nikaze na nini? Na meno?" Marcellin alikuwa amekaa kivulini mwa kinu, sahani ya bugali na sombe mapajani.

Ilikuwa saa ya chakula katika karakana moja ya Salamabila, ambako kinu kipya cha kusaga mawe ya dhahabu kilikuwa kinafungwa. Kila bulon, yaani parafujo nene ya kinu, ilikuwa na jina lake. Marcellin akiikaza, spana hutuma kwenye kompyuta nguvu iliyotumika, na Elsa huchunga mistari: ikitangatanga kidogo, huo ni mkono wa binadamu, ikiruka mbali, kuna hatari. Kutazama mistari kutwa! Mimi ninayesimulia nimezunguka nchi nyingi na katika zote nimesinzia kwenye mahubiri, kwa hiyo huyu dada namvulia kofia.

Sasa, Marcellin alimwoa Apolline, dada yake Elsa, na kwetu shemeji asiyetaniwa hudhani amechukiwa. Kompyuta ilipomwomba Elsa jina la bulon ya majaribio, ile yenye kutu iliyogoma kuzunguka, aliandika: MARCELLIN. Karakana nzima ilicheka, na mwenye jina akacheka kupita wote.

Matokeo mapya yalikuwa ya bulon hiyo.

Elsa akasogea karibu. Mstari wa bulon hupanda polepole, halafu ghafla, halafu hutulia. Huu ulipanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka, kama kitu laini kinachopumua. Harufu ya ubani ikafunika harufu ya grisi. Pale msumarini spana ikalia: krrr.

Marcellin akaangusha tonge.

"Shemeji... kifua. Ni kama mutu ananifunga kamba."

Krrr.

Elsa akazima kompyuta, akaitupa spana nje kwenye matope, na huko matopeni ikaendelea kulia, krrr, krrr, na kila ilipolia Marcellin alijikunja zaidi, mpaka Elsa akavuka barabara mbio, kiatu kimoja mguuni, hadi kwa Maalim Hamadi muuza vitambaa, aliyezoea kusomea wagonjwa, akamvuta kwa mkono, futi ya kupimia ingali shingoni mwake.

Mzee akanusa mlangoni, akasimama.

"Nani alipatia hii chuma jina la mutu?" akanong'ona.

"Ni miye, Baba. Ilikuwa masihara tu."

"Wewe unajua masihara, mwanangu. Yeye mwenye kukaa mu chuma hajui. Ulimuonyesha mutu, anakaza mutu. Fungua ile bulon na mukono. Na jina, ufute."

"Jina liko ndani ya matokeo, Baba, na matokeo hayafutwi. Mwenye kufuta anafukuzwa kazi."

"Basi chagua."

Midomo ya Marcellin ilikuwa imegeuka majivu. Elsa akawasha kompyuta, akafuta. Kisha akashika spana ndefu ya mkono, akaivika bulon ile yenye kutu na kuilalia kwa uzito wake wote, Maalim akisoma kwa sauti ya chini nyuma yake, na chuma kile kilikuwa vuguvugu, kinatoka jasho, kikijikaza kila alipolegeza, kikinung'unika ndani kwa ndani kama mzee aliyeamshwa, hadi kikaachia kwa mkupuo na ubani ukakatika.

Marcellin akavuta pumzi ndefu.

"Bugali yangu," akasema, "nani amekula?"

Elsa akacheka huku analia. Walimpakiza kwenye pikipiki arudi kwa Apolline akapumzike, na Elsa akabaki mlangoni akimpungia mkono mpaka akapotea kwenye kona.

Simu ikalia. Alikuwa Laura, wa ofisi ya Kasongo, ambako kampuni huhifadhi nakala ya kila kinachoingia Salamabila.

"Ma Elsa, bonjour. Nyiye hamupumzike ku saa ya chakula? Huku kwangu iko bulon moja, bado munaikaza tu. Sasa imepita kipimo."

Elsa akageuka kutazama bulon iliyolegea.

"Allo? Niyaache matokeo yake, ao nifute?"

"Futa, Laura! Futa sasa hivi!"

"Haya... Inakataa. Inasema, jina liko kwenye matumizi."

Nje ya mji, Marcellin alimgusa dereva begani, asimame kidogo, apate pumzi.