Rafiki Yangu Alifuta Siku Tuliyojificha Pamoja

Nina miaka arobaini na minne, ni mwalimu wa shule ya msingi, na ninaishi peke yangu Dundori. Jioni nikishakama ng'ombe, hakuna wa kuniuliza siku yangu ilikuwaje... Ndiyo sababu nilianza kuhariri kamusi elezo ya mtandaoni.

Kwa msiowahi kujaribu, msiogope, ni rahisi. Ni kitabu kikubwa cha maarifa kwenye intaneti, ambamo mtu yeyote anaweza kuongeza au kufuta maneno, kwa jina la kujipa tu. Kila ukurasa una uwanja wa majadiliano ambapo wahariri hubishana. Sharti kubwa ni kwamba jambo liwe limechapishwa mahali pengine, kama gazetini. Kusema "nilikuwepo" hakutoshi.

Siku moja nilifungua ukurasa wa chuo cha ualimu nilichosomea Nakuru. Ulisema kwamba chuo hicho hakijawahi kuegemea chama chochote. Kweli? Na ile asubuhi wanafunzi walipopakiwa kwenye lori kwenda Molo kumshangilia mwanasiasa? Waliokataa walitolewa bwenini kwa nguvu.

Mimi na rafiki yangu Damaris tulikataa. Tulijificha kwenye banda la kuni nyuma ya jiko, tumeshikana mikono, walinzi wakipita wakituita kwa majina. Tulipotoka, Damaris alivua sweta yake akanipa. Tangu siku hiyo alikuwa dada yangu.

Basi nikaongeza sentensi mbili kuhusu lori lile. Kesho yake zilifutwa na mtu aliyejiita Mwenge. Nikarudisha. Akafuta. "Hakuna chanzo," aliandika. Nikaeleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto wangu darasani. Wahariri wengine walikuwa wapole, lakini walisema bila kitu kilichochapishwa hawana la kufanya.

Nikatafuta mwandishi wa gazeti. Alikubali kuiandika habari hiyo, mradi apate mashahidi wawili. Wa pili angekuwa nani kama si Damaris? Nilimpigia simu kwa furaha.

"Roda, kwani wewe huchoki?" alicheka. "Watu wanapanda viazi, wewe unafukua makaburi."

"Ni maswali machache tu, Dama."

"Hata sikumbuki vizuri. Achana nayo, msichana."

Hakumbuki? Nilijiambia ana shughuli nyingi...

Wiki hiyo hiyo Mwenge akaandika kwenye majadiliano, mbele ya wote: "Huyu shujaa wenu alijikojolea kwenye banda la kuni. Hizo ndizo hasira anazotoa hapa."

Chai ilipoa mkononi mwangu. Ni kweli, nilijikojolea kwa woga. Sweta ile niliifunga kiunoni ili wenzetu wasione. Lakini bandani tulikuwa wawili tu, na mimi sijawahi kumwambia mtu...

Nilipompigia Damaris, hakukana. "Nimefanywa naibu mkuu wa chuo, Roda," alisema polepole. "Ukurasa ule ndio wazazi wanasoma kwanza. Ulitaka nifanyeje?"

"Ungeniambia."

"Na ungeacha?"

Sikujua. Hata leo sijui. Akakata simu.

Wasimamizi walilifuta tusi lile, kisha wakaufunga ukurasa usihaririwe tena. Chuo bado hakijawahi kuegemea chama chochote. Na mahali pekee ambapo Damaris alikubali kwamba banda lile lilikuwepo, napo pamefutwa.

Krismasi alizoea kupanda huku na watoto wake, nyumba inajaa kelele. Iliyopita nilipika chapati za watu wengi kwa mazoea, nikala mbili. Mwandishi yule hunipigia mara moja moja: "Mwalimu, shahidi wa pili amepatikana?" Namwambia bado.

Wasomaji wenzangu, kama mmepitia jambo zito pamoja na mtu, lisimulieni na lichapishwe mapema, mkiwa bado mnapendana. Na kabla hujapigania ukweli mtandaoni na watu usiowaona, nenda ukaketi na yule mliyekuwa naye siku hiyo. Muulize anaogopa nini. Inawezekana, jamani, hamjachelewa. Mimi nilimwomba Damaris ushahidi... swali hilo sikumuuliza.

Sweta yake bado ninayo. Nimeifua, nimeikunja, iko kabatini. Yeye na mimi tu ndio tunaojua inathibitisha nini.