Nakupa Bure

Yule mtu wa gatini hakusalimia. Alisimama mwisho kabisa wa gati la mbao, mikono mbele, akisubiri kurushiwa kamba. Mwalimu, ambaye kwa miaka yake yote ya ubaoni alizoea kuamkiwa na darasa zima kwa mpigo, alimsalimia mara mbili asipate jibu. Akajiambia kwamba upepo umemeza sauti yake, ingawa upepo wenyewe haukuwepo.

Tangu asubuhi walikuwa wakiambaa pwani, yeye na mumewe, ndani ya boti ambayo mumewe aliikuta gofu akaifufua kwa mikono yake mwenyewe. Mtaani watu walimwita Fundi, lakini siku hiyo alitaka aitwe Nahodha. Aliendesha kwa madaha, akiimba vibaya, na mara mbili alikwama kwenye mchanga akaisingizia ramani. Mwalimu alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Tangu watoto wao wahame, wawili hao walikuwa wakipishana sebuleni kama wapangaji, na safari hii ilikuwa ya kutafutana upya. Kufikia jioni, wakati boti ikijongea kwenye lile gati la upweke walipopanga kulala, alikuwa na uhakika, kwa furaha iliyomtia haya kidogo, kwamba bado anampenda yule mzee wake mbishi.

Ndiyo maana aliporusha kamba alitania.

"Pokea, kaka! Na huyu nahodha wangu mchukue, nimemchoka. Nakupa bure!"

"Nimepokea," yule mtu akasema.

Akafunga kamba, akageuka. Fundi alipozima injini na kutoka nje kumshukuru, gati lilikuwa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na hapakuwa hata na pipa la mtu kujificha nyuma yake.

Giza lilipoanza kuingia akaja mlinzi, mama mmoja mnene mwenye tochi na makoti mawili. Alitaka kujua ni nani aliyewafungia kamba.

"Si kijana wenu," Fundi akajibu.

"Kijana gani tena? Hapa niko peke yangu, kaka."

Akachuchumaa kulimulika fundo. Akalivuta, akanusa vidole, kisha akavifuta haraka kwenye koti.

"Dada, ulimwambia nini?" akanong'ona.

"Apokee kamba."

"Kamba tu?"

Mwalimu akamtazama mumewe, aliyekuwa akitabasamu kwa kudhani kwamba mama yule anawachezea shere. Aliona aibu kulirudia neno lile mbele yake, siku kama ile. "Kamba tu," akasema.

"Basi shukuruni. Kukipambazuka ikateni mwondoke. Fundo hilo halifunguki, na mimi siligusi tena."

Akaondoka bila kugeuka nyuma, akitembea upesi kuliko mwili wake ulivyoruhusu. Fundi alimcheka. Mwalimu hakucheka.

Kilichomwamsha usiku ni harufu ya nguo mbichi zilizosahaulika ndani ya ndoo. Halafu akasikia kamba ikikaza, kwiii, ikalegea. Bahari ilikuwa tuli. Kamba ikakaza tena, na Fundi, aliyelala chali kando yake akikoroma, akateleza kuelekea mlangoni, kidogo tu, kama shuka linavyovutwa na mtu wa upande wa pili. Mwalimu akamkumbatia kiunoni, akakanyaga ubao wa kitanda kwa miguu yote miwili, lakini kila kamba ilipolia mume alitoka mikononi mwake kidogo zaidi, mzito, baridi, bado amelala, mpaka nyayo zake zikawa nje ya mlango na maji yakaanza kumtiririka vidoleni ilhali sitaha ilikuwa kavu.

"Mwachie," sauti ikasema nje, kwa upole. "Ulinipa."

"Nilikuwa natania," Mwalimu akasema. "Jamani, ulikuwa utani. Ni mume wangu huyu."

"Mimi sitanii."

Hapo hofu ikampa nguvu asizozijua. Akachukua kisu cha jikoni, akamruka mumewe, akatambaa mpaka ilipofungwa kamba, akaanza kuikereza gizani, na kamba ilikuwa na joto, ikivimba na kunywea kiganjani mwake kana kwamba inapumua, na huku nyuma akasikia sauti ya Fundi, ya chini, ya kubembeleza, ikijibizana na mtu, kisha ikanyamaza, na uzi wa mwisho ukakatika, na boti ikaachana na gati, na ile harufu ikatoweka.

Jua lilipochomoza walikuwa mbali na nchi kavu. Fundi alikuwa mzima, ameshika usukani. Mwalimu alilia kwa furaha, akamweleza yote, akamwomba radhi.

"Nilikuwa natania, baba. Na sijawahi kukupenda kama nilivyokupenda jana."

Fundi hakumgeukia.

"Aliniamsha ulipotoka," akasema. "Akaniambia alishapewa, hawezi kurudi mikono mitupu. Mke wangu, miguu yangu sikuihisi kabisa. Niliogopa. Niliogopa sana."

"Ukamwambia nini?"

Fundi akafumba macho, machozi yakamtoka.

"Mke wangu," mtu akaita kutoka chumba cha chini, kwa ile sauti ya upole ya usiku.

Fundi alikuwa palepale mbele yake, midomo ameibana. Mwalimu akajiziba kinywa kwa mikono yote miwili, akakaza kwa nguvu zake zote, na chini ya viganja midomo yake ikafunguka yenyewe.

"Abee, mume wangu," akaitika, akaanza kushuka ngazi.