Jibu Lililofutwa Daftarini

Kila Jumamosi asubuhi Karani alipita kwenye uwanja wa kuoshea magari, daftari kwapani. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, maana hata kuku wakipita mbele yake, lazima awahesabu.

Uwanjani hapo walikutana wapenzi wa Kobe, gari lenye mgongo wa mviringo. Waliyasugua magari yao mpaka ungeweza kujitazama na kuchana nywele. Mwezi uliopita Karani aliwauliza watu ishirini, "Kobe wako anakusumbua?" Wote wakajibu, "Hata kidogo!" Mmoja akabusu usukani.

Shangazi yake, mkunga aliyetafuta gari la kumfikisha kwa wajawazito wa mbali, akayasoma majibu hayo, akanunua Kobe.

Alhamisi Kobe akachemka njiani, akitoa mvuke kama birika. Shangazi alikimbia kwa miguu, begi kichwani, akakuta mtoto ameshazaliwa mikononi mwa jirani aliyetetemeka kuliko mama mwenyewe. Wote walikuwa salama.

Shangazi hakulaumu mtu. Hapo ndipo Karani alipoumia zaidi. Alijua siri ya daftari lake. Waliojibu hawakuwa ishirini. Walikuwa ishirini na mmoja.

Jioni akamfuata shangazi jikoni. "Shangazi, nimekukosea. Fundi cherehani naye nilimuuliza. Alisema mpira wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini, ulimtoa jasho mpaka akauza gari. Nikalifuta jibu lake."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Liliharibu ukurasa. Tena hana Kobe siku hizi."

Shangazi akafunika sufuria. "Kesho nenda ukaulize upya."

Kulipokucha Karani akakimbilia gereji. Huko kila mwenye Kobe alilia. Akataka kuandika kwamba Kobe ni balaa, lakini fundi makanika akacheka mpaka spana ikamtoka. "Mjukuu wangu, hapa wanakuja wagonjwa tu! Ukihesabu watu hospitalini, si utasema mji mzima una homa?"

Basi akahamia kituo cha mafuta. Akamuuliza kila dereva wa Kobe aliyeingia, awe amenuna au anacheka, na waliowahi kuwa nao pia. Wengi walilisifu gari, ila wakataja jambo moja: mpira wa rejeta. Fundi makanika akaubadilisha mpira wa gari la shangazi, na Kobe hakuchemka tena.

Karani akaliandika upya jibu la fundi cherehani, juu kabisa ya ukurasa, kisha akaenda na shangazi kumwomba radhi.

"Sikiliza," shangazi akamwambia wakirudi. "Ukiwauliza maharusi siku ya harusi kama ndoa ni tamu, watakujibu nini? Waulize na waliorudi kwao. Na jibu lisilokupendeza usilifute, mwanangu. Lile ulilolifuta ndilo lililoniangusha njiani."

Karani akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo, kifutio chake alimwachia shangazi.