Na Kwingineko

— Rudisha ulichofuta.

— Sirudishi.

— Bi Chanzo, nakuomba kama mchumba wako.

— Na mimi nakujibu kama mhariri. Chanzo kiko wapi?

Mpima ardhi alivuta kiti akakaa mbele ya meza ya mkutubi, kofia ya kazini ingali kichwani, matope yake yote mlangoni mwa maktaba. Ndani walikuwamo wasomaji watatu, na wote watatu walikuwa wameacha kusoma.

Wawili hawa walikuwa wachangiaji wa kujitolea wa kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuandika na yeyote anaweza kufuta. Walilinda ukurasa mmoja tu, ukurasa wa nchi yao. Kosa likiingia saa nne, saa tano wameshalitoa. Walijuana hukohuko, miaka miwili nyuma, wakigombania kilomita za mraba nne za eneo lake. Mwanamke alitaka kitabu, mwanamume alisema amepima mwenyewe. Wakabishana wiki nzima hadharani, mpaka mwanamume, ambaye kwenye kamusi alijiita Futikamba, akaandika: "Dada, nije na kamba tupime wote?" Mkutubi akacheka peke yake kama mwehu. Akajibu: "Njoo na chanzo." Toka hapo jina likamganda, Bi Chanzo, na sasa harusi ilikuwa imebaki miezi miwili.

Leo ugomvi ulikuwa wa sentensi moja. Ukurasa ulisema kwamba bwawa kubwa lilipojengwa, vijiji kumi na kimoja vilihamishwa. Futikamba aliandika kumi na viwili, cha mwisho kikiitwa Kwingineko. Bi Chanzo akafuta.

— Chanzo ni mama yangu, alisema Futikamba. Kazaliwa huko.

— Mama si chanzo.

— Hee! Ungekuwepo hapa bila chanzo hicho?

— Usinichekeshe nikiwa kazini. Ripoti hii hapa, imepigwa chapa. Soma mwenyewe.

Alisoma akifuata mstari kwa kidole. Majina kumi na moja, halafu maneno mawili: "na kwingineko."

— Si hiyo hapo! Kwingineko!

— Hiyo k ndogo, mpenzi. Maana yake ni mahali pengine. Nani anaita kijiji Kwingineko?

— Wazee wetu. Walikuwa wamehama mara mbili. Akiulizwa mtu wamekwenda wapi, anajibu, wamekwenda kwingineko. Mwisho likawa jina.

— Hadithi tamu. Ilete ikiwa kitabu.

— Kitabu unacho wewe! Stoo yenu huko juu ina madaftari ya uhamisho. Panda uangalie.

Bi Chanzo alishusha sauti.

— Nitaangalia baada ya kura.

Hapo ndipo penye mzizi wa ugomvi. Wiki ile wachangiaji walikuwa wanapiga kura kumfanya Bi Chanzo msimamizi, mwenye uwezo wa kufunga kurasa na kufungia watu. Alikuwa ameusubiri wadhifa huo miaka sita. Na tayari mmoja alikuwa ameandika: "Tuone kama ataweza kumfuta na mchumba wake."

Basi akaamua kuwaonyesha kwamba anaweza.

*

Mama yake Futikamba alikuwa amelazwa chumba cha nyuma nyumbani kwa binti yake, moyo umechoka, mito mitatu mgongoni ili apumue. Bi Chanzo alikwenda kumwona jioni ileile, na matunda mkononi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mkwe wangu. Njoo karibu. Naambiwa wewe ndiye mwenye funguo za kile kitabu cha kwenye simu.

Wifi yake, dada wa Futikamba, aliyekuwa anakunja nguo pembeni, akadakia:

— Mama anasema nyumba hii imepata mawifi wawili, mmoja wa kuunganisha simu na mtandao na mmoja wa kumkatalia kijiji chake.

Wakacheka, lakini mama hakucheka sana.

— Nisomee, alisema.

Bi Chanzo alisoma. Mama alihesabu vijiji kwa vidole, taratibu, mkono mmoja kisha wa pili, kisha akabaki ameinua kidole kimoja hewani.

— Umeruka kimoja.

— Mama, ndivyo vitabu vinavyosema.

— Mwanangu, maji yalinitoa kule nina miaka sita, nimebebwa mgongoni. Nilimwona baba yangu anafunga mlango kwa kufuli, mlango wa nyumba inayokwenda kuzama. Huo mlango ulikuwa wapi, kama hapakuwa na kijiji?

Bi Chanzo aliizima simu.

— Nataka wajukuu wakiuliza bibi yao ni wa wapi, wapaone. Maji yameshanitoa mara moja. Nisitolewe tena.

— Nitaangalia, mama.

— Angalia upesi. Mimi si mtu wa kusubiri sana.

Bi Chanzo alitoka pale machozi yakimlenga. Angekwenda kesho yake asubuhi kupanda ngazi za stoo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini kesho yake alihesabu kura kwanza, zikawa kumi na tisa kwa mbili, na siku tatu zimebaki. Akajiambia siku tatu si kitu.

Futikamba naye hakungoja. Alirudisha sentensi yake asubuhi, Bi Chanzo akaifuta. Akairudisha mchana, akaifuta. Akairudisha mara ya tatu, na sheria ya kamusi inajulikana: mara tatu kwa siku moja ni vurugu. Watu walikuwa wanatazama. Bi Chanzo akaandika kwa mkono wake, mkono wenye pete ya mtu huyohuyo: "Mchangiaji Futikamba anarudisha habari isiyo na chanzo. Naomba afungiwe siku saba."

Simu ililia baada ya dakika kumi.

— Umenishtaki wewe?

— Ni sheria, mpenzi. Ningeacha wangesema...

— Wangesema nini? Kwamba unanipenda?

— Siku saba tu! Kura zikiisha napanda stoo, nakuapia.

— Mama ananiuliza kila asubuhi, jina limeandikwa? Nimjibu nini?

— Mwambie wiki ijayo.



— Wiki ijayo, alisema Futikamba. Haya, mhariri.

Alikuwa hajawahi kumwita mhariri.

*

Alishinda, kura thelathini na moja kwa mbili. Pongezi zilimiminika, watu asiowajua wakamwita mtu wa haki. Alimwandikia Futikamba: "Nimepita! Kesho napanda stoo." Haikujibiwa. Akajifariji kwamba hasira ni hasara, itapoa.

Asubuhi yake, ambayo ilikuwa siku ya tano ya kifungo, ujumbe uliingia akiwa ndiyo kwanza anafungua maktaba. Ulitoka kwa wifi yake.

"Mama ametutoka leo alfajiri. Swali lake la mwisho lilikuwa kama limeandikwa. Kaka akamwambia limeandikwa, mama. Amekufa anaamini. Naomba usije leo, wifi. Kaka hataki kukuona."

Alikaa chini palepale, kati ya rafu mbili. Futikamba, mtu ambaye hakuwahi kuongeza hata nusu mita kwenye kipimo, alikuwa amemdanganya mama yake mdomoni mwa kaburi, na aliyemfikisha hapo alikuwa yeye.

Alipopata nguvu aliwasha kompyuta. Aliazimia kuiandika sentensi ile bila chanzo, kwa mara ya kwanza maishani, liwalo na liwe. Akafungua historia ya ukurasa, mahali ambapo kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya, aone ilikaaje zamani. Alirudi nyuma mwaka, miaka mitatu, miaka sita.

Pale akakuta maneno ya mwalimu mmoja mstaafu, ambaye siku nyingi hachangii tena. Alikuwa ameorodhesha vijiji vyote, na mwisho wake ni huu: "na Kwingineko." K kubwa. Pembeni ameweka chanzo: Daftari la Uhamisho, ukurasa wa tisa.

Siku moja baadaye kuna mtu alibadilisha K ikawa k, akaeleza: "Herufi kubwa isiyo na sababu." Mwezi mmoja baadaye mtu huyohuyo akayaondoa maneno yote mawili, na chanzo chake kikaondoka nayo: "Maneno legelege."

Mtu huyo alikuwa Bi Chanzo. Ile k ilikuwa sahihisho lake la kwanza kabisa kwenye kamusi. Alikumbuka hata alivyojisikia siku ile, mwanafunzi mpya aliyemkosoa mwalimu.

Alipanda ngazi za stoo, kumi na nne kwa hesabu. Daftari lilikuwa rafu ya pili, wala hakulitafuta dakika tano. Ukurasa wa tisa, kwa wino uliofifia: "12. Kwingineko. Kaya 43." K ya karani ilikuwa kubwa na ya madaha. Aliyepiga chapa ripoti alikuwa amefanya kosa lilelile la Bi Chanzo. Alilia hapo juu mpaka daftari likaingia maji, yeye anayewafukuza watu maktabani kwa chupa ya maji tu.

*

Alikwenda kwa Futikamba siku tatu baada ya mazishi. Alimkuta mlangoni anafunga mifuko, vifaa vyake vya kupimia vimeegemezwa ukutani.

— Pole, alisema Bi Chanzo.

— Nimeshapoa.

— Nimepata chanzo. Nimeirudisha sentensi.

— Nimeiona.

— Aliyelifuta jina la kijiji ni mimi. Miaka sita iliyopita, kabla hatujajuana. Nilidhani mtu kakosea herufi.

Futikamba aliacha kufunga kamba. Akamtazama kwa mara ya kwanza.

— Hilo nakusamehe. Ulikuwa hujui.

— Na jingine?

— Jingine ulikuwa unajua. Ulijua ni mama yangu. Ulijua anaumwa. Sikukuomba uvunje sheria, Bi Chanzo. Nilikuomba upande ngazi.

— Nilikuwa naogopa kura.

— Ukashinda.

— Nimeuacha usimamizi. Jana nimeandika, nimejitoa.

— Ungebaki tu. Ile kazi unaiweza.

— Siitaki! Nakutaka wewe. Nakupenda.

— Na mimi nakupenda, alisema Futikamba, na macho yake yalikuwa mekundu. Hilo halihitaji chanzo. Lakini kukuoa siwezi. Kila utakapoingia mlangoni nitamsikia mama anauliza, limeandikwa?

Bi Chanzo alivua pete. Alingoja akatazwe. Futikamba alinyoosha mkono akaipokea, akaitia katika mfuko wa shati bila kuiangalia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na kwa hawa wawili ndiye mjukuu pekee mama yule aliyeachiwa.

Mwisho wa wiki alisikia kwa wifi yake kwamba Futikamba ameomba kazi ya mbali na amekwishaondoka. Akavumilia siku nzima. Siku ya pili uvumilivu ukamshinda, akaandika: "Sikusumbui tena. Niambie tu uko wapi, nijue u mzima."

Jibu lilikuja jioni, neno moja.

"Kwingineko."

Aliitazama ile K. Ilikuwa kubwa. Lakini simu huikuza yenyewe herufi ya kwanza ya kila ujumbe, kila mtu anajua hivyo. Huenda alikuwa ukingoni mwa bwawa na kamba yake, anapima mahali mlango ule ulipofungwa kwa kufuli. Huenda alikuwa tu mahali pengine, popote asipokuwepo yeye.

Aliandika: "K kubwa au ndogo?"

Akaisoma mara mbili, akaifuta.