Usizime Kompyuta ya Bartholomew

Kama kuna watu Mungu aliwanyima aibu, ni maprodyuza wa Machakos. Nawajua. Mimi ndiye huwatengenezea kompyuta zao zinapokwama, na sijawahi kukutana na hata mmoja aliyekubali kwamba kosa ni lake. Wote wana wimbo mmoja. Imelogwa, Mutanu. Kuna mtu wa ile studio ingine ameniwekea kitu.

Kompyuta hailogwi. Kompyuta inalishwa takataka mpaka inavimbiwa.

Kwa hivyo Bartholomew aliponipigia simu jioni ile, nikifunga kibanda changu mjini, nilicheka kabla hajamaliza. Programu yake ya kurekodi imekuwa nzito, akasema. Sauti inakatika. Nije kwake Kalama leo leo.

"Zima halafu uwashe," nikamwambia.

"Siwezi kuzima."

"Kwa nini?"

Nikamsikia akifunga mlango upande wake.

"We kuja tu, fundi. Tafadhali."

Bartholomew ni kiongozi wa kwaya, mwanaume wa tai hata siku ya kupalilia maharagwe. Albamu zake zote zina kinanda kilekile na machozi yaleyale. Majuzi alikuwa akijigamba kila mahali kwamba amepata mdundo mpya, kitu cha asili, ambacho kitawanyamazisha washindani wake. Nilipanda pikipiki nikaenda, na njia nzima nilikuwa natunga matusi ya kumwambia.

Nilifika giza likianza kushika. Studio yake ni chumba cha mwisho katika nyumba ya mama yake, ukuta umebandikwa trei za mayai kuzuia sauti. Hazizuii chochote, lakini nani atamwambia? Mara tu nilipoingia nikasikia harufu ya tumbako, ile ya kunusa, kali, na chini yake harufu ya udongo ulionyeshewa. Hapakuwa na mvua. Kalama yote ilikuwa kavu.

"Nani ananusa tumbako hapa?"

"Hakuna mtu," akasema Bartholomew. Tai ilikuwa imelegea. Macho mekundu.

"Mwaitu yuko wapi, nimsalimie mama?"

"Amelala."

Giza ndio kwanza linaingia, na Mama Wanza, mama yake, mtu wa kuamka na jogoo na kulala mwisho, amelala? Nilitaka kuuliza. Ndipo nikasikia.

Dum... dum... dum...

Upande wa pili wa ukuta. Taratibu. Kitu kizito kikigonga sakafu ya simiti.

"Hiyo ni nini?"

"Tengeneza kompyuta, Mutanu," akanong'ona.

Nikaketi. Na nikaona nilichotarajia. Plagini, vile viprogramu vidogo vya kupambia sauti, alikuwa amezijaza kama mtu anayehamia na kuku wake wote. Karibu zote za wizi. Sauti moja ilikuwa imewekewa mwangwi juu ya mwangwi juu ya mwangwi. Ni kama mtu avae makoti matatu halafu aje kukulilia joto.

"Na hii yote ni ya nini?"

"Ni ya kunenepesha sauti."

"Umenenepesha ujinga."

Alifuta jasho kwa tai. Mtu anayejipenda kama yule, ukimtukana asijibu, ujue kuna jambo. Lakini mimi nilikuwa na kiburi changu na kazi yangu. Nikaanza kuondoa plagini moja baada ya nyingine, nikitazama kile kipimo kinachoonyesha kompyuta inavyohangaika. Kilipaswa kushuka na kukaa.

Kilishuka. Kikapanda... Kikashuka. Kikapanda...

Polepole. Kama kifua cha mtu.

Nikatafuta ni nini bado kinacheza, nikakipata. Traki moja, sauti yake imeshushwa hadi sifuri, isisikike kabisa. Ndani yake kipande kifupi cha ngoma kilichokatwa, kikijirudia bila kukoma.

"Hiyo usiguse," akasema Bartholomew.

"Ndiyo inakula mashine."

"Usiguse, nimesema!"

Nikamtazama kwa dharau yote niliyonayo, na ninayo nyingi. Nilidhani nimeshamwelewa: huyu bwege amefungia mama yake spika chumbani ajaribishe wimbo. Nikachomoa nyaya zote za spika.

Dum... dum... dum...

Nikabonyeza kusimamisha.

Upande wa pili pakanyamaza.

Sijawahi kusikia mtu mzima akilia namna ile. Bartholomew aliruka hadi mlangoni na mimi nikamfuata, nikidhani naenda kumcheka. Mama Wanza alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Macho wazi. Mabega yamepanda hadi masikioni, mkono mmoja hewani, mguu mmoja umeinuliwa na kisigino kimepasuka, damu imeganda. Mdomo umeachama.

Hapumui.

Nikaweka mkono mbele ya pua yake. Hakuna kitu.

"Washa!" Bartholomew akasema. "Mutanu, washa!"

Nilirudi mbio nikabonyeza. Dirisha la programu likawa jeupe. Kile kiduara kikaanza kuzunguka... kuzunguka... Programu haijibu. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kusema. Mimi, ninayewacheka watu kwa ajili ya kile kiduara kila siku, nilikikodolea macho nikakiomba kama mtu anayeomba msalabani.

Kikazunguka.

Kikazunguka.

Dirisha likarudi. Chumba cha pili mtu akavuta pumzi ndefu, ya kukwaruza, kama ndoo inayoburutwa juu ya mawe. Halafu kisigino kikashuka.

Dum...

Nilimshika Bartholomew kwa ile tai yake. "Sema."

Akasema, akinong'ona, asisikike upande wa pili.

"Ni kilumi. Nilirekodi Mwaitu akicheza kilumi, susu Ndila, yule nyanya, akimpigia ngoma."

Kilumi ni ngoma ya wazee wetu, ya kuita maimu, roho za waliotangulia. Mama Wanza aliicheza akiwa msichana, akaacha alipookoka. Na huyu mwanawe, anayetuhubiria kila Jumapili juu ya mambo ya giza, ndiye aliyembembeleza airudie. Mdundo wa asili, si ndiyo?

"Mabega yake yalikuwa yameshaanza kutetemeka," akaendelea. "Mimi nikaona niko na kenye nataka. Nikasema inatosha. Susu Ndila akaniambia ngoma haikatwi mtu akiwa ndani, lazima mgeni aliyempanda kichwani aimbiwe mpaka arudi kwake. Nikamwambia chai iko tayari."

"Ukamwambia nini?"

"Chai iko tayari. Nikatoa Mwaitu nje nimpige picha ya kava."

Picha ya kava! Mama yako yuko katikati ya jambo asiloweza kutoka peke yake, wewe unamnyoosha kilemba.

"Mwanzo ilikuwa kidogo tu. Nikicheza hiyo kipande, yeye anapiga mguu. Nikisimamisha anapumzika. Nikamaliza wimbo, nikaurushia ma-DJ jana, nikaanza kumiksi ya pili. Sasa tangu asubuhi hapumziki. Nikisimamisha anabaki vile umeona. Na mashine ikiwa slow, na yeye anakuwa slow."

"Mwite Ndila."

"Alirudi kwao Kivaa. Hana simu."

Kutoka ukutani kile kisigino kilikuwa kikichelewa. Dum... ... dum... Kipimo kilikuwa juu kabisa, chekundu. Mashine ilikuwa inakufa, na haikuwa ikifa peke yake.

Basi nikafanya ninachojua. Nikang'oa plagini zote, nzuri na mbaya. Nikaongeza ule muda ambao programu hujipa kukusanya sauti kabla ya kuitoa, ipate kuvuta pumzi. Diski ilikuwa imejaa pomoni, nikaenda kutafuta kinachoijaza. Nikakuta faili moja, kubwa kupita kiasi, ya siku ile ya kilumi.

"Hii ni nini?"

"Sijui. Labda... nilisahau kuzima kurekodi."

Prodyuza! Anasahau maikrofoni inarekodi mpaka diski inajaa, halafu amelogwa.

Lakini kama ilirekodi mpaka mwisho, huenda ilinasa na yaliyofuata baada ya chai. Nikavaa hedfoni nikaifungua. Ngoma. Halafu sauti ya Bartholomew: inatosha, Mwaitu. Mlango. Hatua zikienda. Kimya kirefu... Halafu mtu aliyebaki chumbani peke yake akanusa tumbako, akapiga chafya, akaanza kupiga ngoma kwa kiganja. Ndila. Aliimba chini chini, bila haraka, kama mtu anayemsindikiza mgeni hadi barabarani na hataki kumwonyesha kwamba anamharakisha. Mapigo yakazidi kuachana. La mwisho likaja peke yake. Baada ya hapo ni kuku tu wanatafuta mahali pa kulala.

Alikuwa ameimaliza. Ni vile tu Mama Wanza mwenyewe alikuwa nje, anapigwa picha.

Tulivuta spika hadi chumba cha mama. Nikaunganisha ule mwisho na kile kipande, pigo kwa pigo, na hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikaacha icheze. Mama Wanza alisikia. Kichwa kiligeuka upande wa spika. Kisigino kilifuata kiganja cha Ndila, kikapungua pamoja nacho, na pigo la mwisho lilipolia mguu ukashuka ukatulia. Mabega yakaanguka. Pumzi ikaendelea, yake mwenyewe. Ile harufu ya tumbako na udongo ikaondoka.

Akaomba maji. Alipokunywa akanitazama, akanitambua, akanijulia hali kwa lugha ya nyumbani.

"Wi museo, Mutanu?"

"Ni museo, Mwaitu." Nikampokea kikombe.

"Ameenda," akasema. "Lakini sasa anajua njia."

Bartholomew alianza kumshukuru Yesu kwa sauti kubwa. Nilimwambia anyamaze, afute kile kipande, asiguse mwisho wa Ndila hata kwa bahati mbaya. Nikatafuta pikipiki nikaenda zangu.

Mimi hukaa Kyumbi, pale kwenye njia panda. Pikipiki ilinishusha karibu na Kamene, mama anayechoma mutura, ule utumbo wa kujazwa nyama. Mahali pamechangamka, moshi, watu wamesimama na chumvi viganjani. Njaa iliniuma nikashukuru kuisikia. Nikaagiza. Ndipo nikatambua wimbo uliokuwa ukitoka kwenye spika yake ndogo, akiucheza kwa simu kutoka mtandaoni.

Kinanda kilekile. Machozi yaleyale. Na chini yake, kikijirudia...

Dum. Dum. Dum.

"Kamene, zima huo wimbo."

"Kwani umekukosea nini? Ni mpya. Watu wanaupenda."

"Zima!"

Nilikuwa nimeshampigia Bartholomew. Akapokea. Nyuma yake nilisikia kisigino juu ya simiti, na kilikwenda pigo kwa pigo na ile spika iliyokuwa mbele yangu.

"Cheza mwisho wa Ndila," nikasema.

"Nimecheza." Alikuwa analia. "Nimecheza na nimecheza. Anatulia. Halafu mahali pengine mtu anaanza tena."

Nikaukumbuka ule wimbo unavyoisha, kama nyimbo zake zote. Hauishi. Mjinga yule huwa anaushusha sauti polepole mpaka usisikike, halafu anaita huo mwisho. Ngoma yenyewe bado inaenda huko chini, na mgeni hajaaga.

Mbele yangu spika ikakwaruza. Ikashika nusu ya pigo... ikairudia... ikanyamaza. Kwenye simu ya Kamene kile kiduara kikaanza kuzunguka.

Sikioni mwangu kisigino hakikushuka.

"Mutanu," Bartholomew akanong'ona. "Mutanu, amekwama tena. Hapumui."

"Washa!" Nilimpigia Kamene kelele, watu wakageuka na mutura mikononi. "Kamene, rudisha huo wimbo! Rudisha haraka!"

Kamene alinitazama juu mpaka chini, akafuta kisu kwenye aproni, akacheka.

"Bando imeisha. Na si ni wewe umesema nizime?"