Kuzima Kioo Si Kufunga Barua

Kila asubuhi Mama Djamila alifungua maktaba ya mtaa wao pale Kasongo, akafagia, akapangusa vitabu. Vitabu alivijua vyote. Ukimwambia unataka kile cha kilimo cha mpunga, mkono wake ulikwenda wenyewe.

Kompyuta zilikuwa jambo jingine. Zilikuwa tatu. Shirika moja lilizileta pamoja na mabamba ya umeme wa jua, ili watu wote wazitumie bure. Djamila alizifunika kwa vitambaa alivyodarizi mwenyewe, kama watu wanavyofunika televisheni sebuleni. Mgeni akija, hakumwacha aguse kitu. Alilelewa hivyo: mgeni anakaa, mwenyeji anahudumia. Basi mgeni alisema maneno yake, na Djamila akaandika kwa kidole kimoja.

Heshima hiyo ilimfaa yeye pia. Hakuna aliyegundua kwamba alijua mambo mawili matatu tu.

Shirika lilikuwa limeweka mafunzo ya mtandaoni kwa watunza maktaba, kila Alhamisi. Mwalimu aliitwa Apolline, naye alifundisha akiwa Kindu. Kulikuwa pia na kundi la WhatsApp la kuulizana maswali. Alhamisi ya kwanza Apolline aliuliza kama Kasongo kuna tatizo.

"Hapana shida, mwalimu," Djamila alijibu.

Alikuwa hajaelewa hata nusu. Lakini mama mzima, mwenye jina lake mjini, aulize kama mtoto wa darasa la kwanza mbele ya watu? Aliona haya. Alhamisi zilizofuata alisingizia mtandao mbovu.

Siku moja alikuja Clémentine, mkulima wa Wamaza. Alikuwa amefikia kwa dada yake hapo mjini. Alingoja watu wapungue, kisha akasogea karibu.

"Mama, niko na neno la siri," alisema. "Tangu nilizaa mutoto wa mwisho, mukojo unaniponyoka. Sina nguvu ya kuuzuia. Wamenielekeza hospitali moja, kule wanapasua bure. Lakini lazima kuwaandikia."

"Kaa, mama. Nitaandika miye."

Djamila alimfungulia sanduku la barua pepe, akachagua yeye mwenyewe neno la siri la kulifungulia, akaandika yote. Hospitali ilikuwa imetangaza kwamba atakayekubaliwa ajibu upesi, la sivyo kitanda chake atapewa mwingine. Barua ilipokwenda, Djamila alibonyeza kitufe cha kuzima kioo cha kompyuta. Kioo kikawa cheusi.

"Imefungwa," alisema, naye aliamini hivyo.

Baadaye aliingia Bulaimu, dereva wa pikipiki, kutafuta habari za vipuri. Safari hii Djamila alikuwa kwenye rafu na wageni wengine. Bulaimu akachoka kungoja, akawasha kioo mwenyewe. Yeye alijifunza kusoma ukubwani, na mpaka leo hawezi kusoma kimya. Akasoma alichokikuta.

"Miye ni Clémentine wa Wamaza. Tangu nilizaa mutoto wa mwisho, mukojo..."

Alinyamaza, lakini chumba kizima kilikuwa kimesikia. Djamila alikuja mbio. Kwa fadhaa hakukumbuka abonyeze wapi. Alitwaa kitambaa chake kilichodariziwa akakitupa juu ya kioo, akabaki amekishika kwa mikono miwili. Mtu mmoja alicheka. Djamila alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kabla ya jua kuzama soko zima lilikuwa na habari. Kesho yake Djamila alikwenda nyumbani kwa dada wa Clémentine. Clémentine alimpokea uani, bila kumpa kiti.

"Nisamehe, mama. Nilizani nimefunga."

"Leo kwenye maji wamama walinyamaza waliponiona. Mumoja akasogeza ndoo yake." Clémentine hakumtazama. "Neno lile nilikuambia weye peke yako. Sasa jibu likuje ao lisikuje, miye siingii tena mule."

Djamila alirudi maktabani ameshusha mtandio mpaka machoni. Aibu ya kutojua aliweza kuificha. Hii ilikuwa imemwangukia mtu mwingine, na mtu huyo angeweza kukosa kitanda cha hospitali kwa sababu yake.

Alipofika, alichukua simu akaandika kwenye kundi: "Nilifikiri kuzima kioo ni kufunga. Siri ya mgonjwa imesomwa mbele ya watu. Kwenye mafunzo nilisema hapana shida, na sikuelewa. Nisaidieni." Hakulitaja jina la Clémentine.

Alingoja kuchekwa. Jibu la kwanza lilitoka kwa Jean-Baptiste, mtunza maktaba wa mji mwingine: "Hata miye nilifanya vile. Niliogopa kusema." Kisha Apolline akampigia kwa video, akamwambia aketi mbele ya kompyuta ile ile.

"Mama Djamila, kioo ni kama dirisha," alisema. "Ukifunga dirisha, vitu viko bado ndani ya nyumba. Lazima mutu atoke kwenye sanduku lake la barua. Bonyeza pale juu, penye jina lake. Unaona neno 'toka'?"

"Ninaliona."

"Bonyeza. Sasa ufungue tena."

Djamila alifungua. Kompyuta ikaomba jina na neno la siri upya.

"Lingine," Apolline aliendelea. "Nani anashika mashini, weye ao mugeni?"

"Miye. Ni heshima."

"Hapa heshima ni kumuachia. Kaa pembeni, muonyeshe kwa kidole. Akiandika neno la siri, geuka. Na lile la yule mama, unalijua?"

"Ndiyo. Nililichagua miye."

"Basi unaweza kuangalia jibu lake sasa hivi. Usiangalie. Mwambie alibadilishe."

Djamila aliirudia kazi ile siku hiyo hadi mkono ukazoea. Aligeuza meza, ili mtumiaji akae mgongo ukutani na anayepita asione kitu. Vitambaa alivikunja akavitia sandukuni. Alfajiri ya kesho yake akarudi uani kule.

"Sikusoma jibu lako," alimwambia Clémentine. "Neno la siri ninalijua, na hilo nalo ni kosa langu. Kuja ulibadilishe. Utashika mashini weye mwenyewe. Nitakufungulia sasa, kabla ya watu kuingia. Sikuombi unisamehe. Ninaogopa kitanda chako kisipotee."

Clémentine aliingia ndani kuchukua kitenge chake.

Maktabani ilichukua muda. Clémentine alitafuta kila herufi. Mara mbili Djamila alinyoosha mkono ili amsaidie, na mara mbili akaurudisha. Alipobadilisha neno la siri, Djamila alikwenda dirishani akampa mgongo. Alisikia vitufe, kisha kimya kirefu, kisha vitufe tena.

"Mama Djamila. Kufunga ni namna gani?"

Djamila alimwonyesha. Clémentine alibonyeza, akafungua tena ahakikishe. Hapakuwa na kitu, ila kompyuta ikimwomba jina lake. Alivuta pumzi akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Wamenikubali," alisema. "Nimewajibu, naenda juma yenye kuja. Hiyo nakuambia miye mwenyewe."